Kano ya Kisigino

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Musoma)



Tumeamriwa kusema habari za michezo. Mkoa huu ndio uliomzaa Suleiman Nyambui wa Majita, aliyepata medali ya fedha katika mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Basi si ajabu kila karani kujiona mkimbiaji. Nasi tumechagua jambo lililokwisha kuwatoa mbioni wenzetu kadha wa kadha, hapa Musoma na huko Bunda, nalo ni maumivu ya kano ya kisigino.

Kano hiyo huunga misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Hakuna kano mwilini iipitayo kwa unene na nguvu, lakini katikati yake, juu kidogo ya kisigino, damu hufika kwa uchache, kwa hiyo ikiumia hukawia kupona. Karani akaaye kitini mchana kutwa, kisha jioni akavaa viatu na kupanda mbio njia ya Butiama, huidai kano kazi asiyoiandalia. Dalili twaijua sote: asubuhi ukishuka kitandani wachechemea hatua kumi, kisha maumivu yapungua, nawe wasema, "Nimepona." Hukupona.

Sisi tulikosea mara mbili. Kwanza tulijikaza. Tulilelewa kwa habari ya Bwana John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, naye akafika mwisho akichechemea, hali watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Sifa yake ni ya haki kabisa. Lakini ile ilikuwa siku moja, naye alikimbia kwa ajili ya nchi. Sisi tulikimbia kila jioni kwa ajili ya kitambi. Kosa la pili, tulilala. Miezi miwili hatukugusa viatu, na siku ya kwanza ya kurudi barabarani maumivu yakatulaki pale pale tulipoyaacha. Kano isiyopewa kazi hudhoofika.

Lakini kosa lituumizalo zaidi si hayo. Mwenzetu mmoja wa Bunda, ambaye ametupa ruhusa kuyasema haya, alitwambia kisigino chamwuma. Nasi tukamjibu ajikaze kiume. Juma lile alikuwa akinywa siprofloksasini kwa ajili ya tumbo, aliyojinunulia dukani. Akiwa mbioni alisikia mlio nyuma ya mguu, akageuka kumtafuta aliyemtupia jiwe. Hapakuwa na mtu. Akakandwa majuma matatu nyumbani kabla ya kwenda hospitali, na hata leo hawezi kusimama kwa ncha ya mguu ule. Hatusemi dawa ndiyo iliyoikata kano. Twasema dawa za jamii ile zajulikana kudhoofisha kano, na mganga angaliulizwa angalimkataza mbio. Mtu akisikia mlio kama huo, na alale kifudifudi, shavu la mguu libanwe kwa mkono. Wayo usipotikisika, hiyo ni kano iliyokatika. Aende hospitali siku ile ile, wala asikandwe.

Kwa kano inayouma bila kukatika, kuna kazi ya kidato. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake waliandika habari ya wakimbiaji 15 walioifanya kwa majuma 12 wakarudi mbioni. Simama ukingoni mwa kidato kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia. Inuka kwa miguu yote miwili. Kisha hamishia uzito mguu unaouma, ushushe kisigino taratibu hata kipite chini ya kidato. Fanya mara 15, duru tatu goti likiwa limenyooka, na duru tatu goti likikunjwa kidogo, asubuhi na jioni: jumla 180 kwa siku. Maumivu madogo yavumilike, yakizidi, punguza. Bali ikiwa maumivu yako kwenye mfupa wenyewe wa kisigino, fanya juu ya sakafu, usishuke chini ya usawa. Juma la tano tulitaka kuacha, kwa kuwa hatukuona faida yoyote. Juma la tisa tulishuka kitandani, tukafika mlangoni, ndipo tukakumbuka kwamba hatukuchechemea.

Habari ya kifundo cha mguu kuteguka ni fupi. Ikiwa huwezi kwenda hatua nne, au mfupa wa kifundo wauma ukibonyezwa kwa nyuma, tafuta picha ya eksirei. La sivyo, funga bendeji, inua mguu, na baada ya siku chache anza kutembea. Kisha simama kwa mguu ule mmoja kila upigapo mswaki, maana kifundo kilichoteguka mara moja ni chepesi kuteguka tena.

Ngazi ya mbele ya ofisi yetu ina vidato vitano na ukuta wa kushikia. Sisi tupo hapo kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, na ndugu wa Bunda amesema atakuja Jumatatu.