Fundi Mitambo na Elimu ya Umeme



Twaomba mtusikilize kwa jambo dogo lenye hasara kubwa. Mashine ya kusaga mahindi yawashwa hapa Sokon I. Mota yavuma, wala haizunguki. Fundi mitambo asiyejua umeme hudhani beringi zimekwama. Huifungua yote, kumbe beringi ni nzima: fezi moja kati ya tatu imekatika. Naye akizidi kuiwasha, mota hupata joto hata ikaungua.

Kadhalika pampu. Nyaya mbili kati ya tatu zikibadilishwa mahali, mota huzunguka kinyume, maji yakaja haba, nayo pampu haina kosa.

Hatusemi fundi mitambo awe fundi umeme. Yampasa ajue kukata umeme kabla ya kugusa, na kupima kabla ya kufungua: kati ya kila fezi mbili zapaswa kuwapo volti 400 hivi. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, hufundisha kazi zote mbili. Basi wanafunzi wasione haya kubisha hodi kwa jirani.

Nasi makarani, kabla ya kuandika hati ya kununua mota mpya, tuulize: fezi zote tatu zimepimwa?