USHURU WA STEMPU UNAPONUNUA NYUMBA

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, mfanya kazi wa Reli, katika mkutano wa tawi)



Wengi wetu twakaa katika nyumba za kupanga, na siku ya kustaafu hapana budi kila mmoja awe na pa kwenda. Kwa hiyo nataka tuhesabu pamoja gharama moja ambayo dalali haitaji: ushuru wa stempu.

Ushuru huu watokana na sheria ya mwaka 1958, na sheria hiyo ingali inatumika. Mwenye kulipa ni mnunuzi, wala si muuzaji. Lakini haulingani kila mahali. Nyumba iliyo ndani ya manispaa hulipiwa shilingi 4 kwa kila mia ya thamani yake. Iliyo nje, upande wa mashamba, hulipiwa shilingi 2 kwa kila mia.

Tuchukue nyumba ya shilingi 2,000,000. Mjini Nakuru ushuru wake ni shilingi 80,000. Nyumba ya bei hiyo hiyo nje ya mpaka wa mji ni shilingi 40,000. Tofauti ni shilingi 40,000.

Je, sote tukimbilie mashambani? Pole pole, ndugu zangu. Kwanza, ardhi ya kilimo hutaka kibali cha Bodi ya Ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967. Maombi sharti yapelekwe kabla ya miezi 6 tangu siku ya mapatano. Yasipopelekwa, mapatano ni bure. Pili, kuna nauli. Mtu akilipa shilingi 200 kila siku ya kazi, kwa siku 25, ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Katika miezi 8 zile 40,000 zimekwisha. Aliye karibu kustaafu huenda akafaidi kununua nje. Mwenye miaka 20 ya kazi mbele yake ahesabu vema kwanza.

Tena msiulize dalali mpaka uko wapi. Miji yakua. Chukua namba ya ploti uende ofisi ya ardhi ukaulize kabla ya kutoa hata senti moja.

Kuna na shauri baya ambalo wengine hutoa: kuandika bei ndogo katika mapatano ili ushuru upungue. Huo ni udanganyifu, na hauna faida. Mthamini wa serikali hukadiria thamani mwenyewe. Na kesi ikizuka, utadai vipi fedha zako zote, ikiwa sahihi yako iko chini ya bei ndogo?

Wengine hulipa bei, hupokea ufunguo, wakaacha stempu mpaka “baadaye.” Ushuru hutakiwa kulipwa kabla ya siku 30 tangu hati kutiwa sahihi, na mwenye kuchelewa hutozwa adhabu. Hati isiyo na stempu haiandikishwi, na mahakama haiipokei kuwa ushahidi mpaka deni hilo lilipwe. Wakati huo wote jina katika hati ya kumiliki ni la muuzaji. Akifa, au akidaiwa, wewe umekaa katika nyumba ya mtu mwingine.

Muuzaji naye ana kodi yake juu ya faida aliyopata: tangu Januari 1, 2023, ni shilingi 15 kwa kila mia ya faida. Asikutwike mzigo huo. Mapatano yaseme wazi nani alipa nini.

Nafuu ipo kidogo. Anayenunua nyumba yake ya kwanza katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu amesamehewa ushuru wa stempu. Ulizeni kabla ya kulipa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba tawi lichague watu wawili wa kuwasaidia wanachama kupiga hesabu hii kabla hawajachukua mkopo. Anayekopa bei ya nyumba tu, akasahau stempu, amenunua nusu ya safari.

Umoja ni nguvu.