Vyombo vya Mpangaji Si Takataka

Ni nadra kumkuta mkazi wa mji asiyepata kuona vyombo vya watu vimewekwa nje ya nyumba. Kitanda kimeegemezwa ukutani, sufuria zimetiwa ndani ya beseni, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, na mama wa nyumba ameketi juu ya sanduku huku akiwazuia watoto wasikanyage madaftari yao. Wapita njia hutazama, husikitika, kisha huenda zao. Wengi huuliza swali moja tu: je, alikuwa akidaiwa? Wakijibiwa kwamba alikuwa akidaiwa, shauri kwao limekwisha.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba shauri halijakwisha. Deni ni jambo moja na vyombo ni jambo la pili. Mahakama inaweza kuamuru mtu aondoke katika nyumba, lakini amri hiyo haigeuzi mali yake kuwa takataka. Mambo hayo mawili yakichanganywa, dhuluma hupata mwanya wa kupita.

Mfano mkubwa wa mchanganyiko huo ulionekana nchini Marekani. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2007, mabenki na makampuni ya nchi ile yalitoa mikopo ya nyumba hata kwa watu ambao mapato yao hayakutosha kuilipa. Mingi ya mikopo hiyo ilianza na riba ndogo, kisha baada ya miaka miwili riba ikapanda. Bei za nyumba ziliposhuka, wakopaji wengi hawakuweza kulipa wala kuuza. Benki ya Lehman Brothers ilianguka tarehe 15 Septemba, 2008, na katika mwaka 2010 pekee nyumba zaidi ya milioni 2 ziliandikiwa hati za kutwaliwa kwa ajili ya deni.

Benki iliyotwaa nyumba haikuwa na haja ya kuishi humo. Ilitaka fedha zake. Ili nyumba iuzwe, ilipasa iwe tupu. Hapo ndipo ilipostawi kazi ambayo Wamarekani huiita kwa jina lenye maana ya kutoa takataka nje. Fundi hubadilisha kitasa. Vibarua huja na lori pamoja na pipa kubwa la chuma. Kila chumba hupigwa picha kabla ya kazi na baada ya kazi. Friji lililokatiwa umeme hufungwa kamba na kutolewa pamoja na uozo uliomo. Nguo, viti, wanasesere na albamu za harusi, vyote huingia katika pipa. Malipo aghalabu yalikadiriwa kwa yadi za ujazo wa vitu vilivyotupwa.

Utaratibu huo unastahili kuzingatiwa sana na watumishi wa ofisi. Picha zilipigwa, hesabu ilifanywa, na stakabadhi zilitolewa. Lakini picha zilikuwa za kuithibitishia benki kwamba chumba ni cheupe. Mwenye vitu hakupata hata moja ya kumwonyesha vilivyokuwamo. Kilichohesabiwa kilikuwa ujazo. Na kwa kuwa mkandarasi alilipwa kwa wingi wa alichotupa, hakuwa na faida yoyote katika kutenga cheti cha kuzaliwa na gazeti kuukuu. Hivyo dhuluma iliweza kutendeka hata pale ambapo kila mhusika alijaza fomu yake kwa uaminifu.

Si kwamba sheria hazikuwapo. Katika jimbo la California, kwa mfano, mwenye nyumba anayekuta vitu vya mpangaji aliyeondoka hutakiwa kumpa taarifa ya siku zisizopungua 15 ikiwa imetolewa mkononi, au 18 ikiwa imepelekwa kwa posta, na vitu vyenye thamani ya dola 700 au zaidi huuzwa kwa mnada wa hadhara. Kasoro ni kwamba mara nyingi anwani ya mwisho inayojulikana ni ya nyumba ile ile ambayo mtu ametolewa.

Aliyeonewa zaidi alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba aliacha kuilipa benki, huku akiendelea kupokea kodi. Mpangaji asiyedaiwa hata senti moja alishtukia maofisa mlangoni. Mwezi Oktoba, 2008, Tom Dart, sherifu wa Cook County, ambako mji wa Chicago upo, alitangaza kwamba maofisa wake hawatawatoa tena watu katika nyumba zilizotwaliwa na mabenki, kwa sababu walikuwa wakikuta humo wapangaji waliolipa kodi zao na ambao hawakupewa taarifa yoyote. Kazi hiyo ilirudishwa baadaye kwa masharti ya kuwalinda wakaaji. Mwezi Mei, 2009, nchi ile ilipitisha sheria ya kumpa mpangaji wa namna hiyo taarifa ya siku 90. Sheria hiyo ilikoma mwisho wa mwaka 2014, kisha mwaka 2018 ikarudishwa iwe ya kudumu.

Ndugu Wananchi, Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Masharti ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Leo wapangaji wengi wa mijini wamo katika nyumba za watu binafsi, na wengi wao hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Hata hivyo, sheria haikusahau utu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 inakataza kukamata, kwa ajili ya deni, nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, pamoja na zana za fundi. Basi ikiwa sufuria haiwezi kukamatwa kulipia deni, ni kwa hoja gani inaweza kuvunjwa au kupotea siku ya kumtoa mtu?

Haki ya mwenye nyumba nayo isipuuzwe. Wako wajane na wastaafu ambao chumba kimoja cha kupangisha ndicho chakula chao, na mpangaji anayekaa miezi mingi bila kulipa huwanyonya kama anavyonyonya tajiri. Mtu huyo akishindwa mahakamani, aondoke. Lakini asitolewe kwa kung'olewa mlango au kuezuliwa bati. Aondolewe kwa amri na kwa utaratibu.

Utaratibu huo si mgumu. Kwanza, dalali wa mahakama aje mchana, na kiongozi wa mtaa awepo kama shahidi. Pili, vitu viandikwe kimoja kimoja, nakala mbili, na pande zote zitie sahihi. Ikiwa mpangaji hayupo, shahidi atie sahihi kwa niaba ya ukweli. Tatu, vyeti, hati, dawa na vitabu vya watoto vitengwe kabla ya kitu chochote kuguswa. Nne, visivyochukuliwa siku hiyo vihifadhiwe mahali panapojulikana, kwa siku zilizotajwa. Gharama yake ni daftari, kalamu na saa mbili za subira.

Watumishi wa Serikali na walimu wanahusika kwa njia mbili. Wao ndio wanaoandika taarifa, wanaopiga mihuri na wanaoitwa kushuhudia. Na wao pia ni wapangaji, kwa kuwa mwalimu anayehamishwa leo kutoka Songea kwenda Tabora hutafuta chumba kwanza. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Siku lori litakapofika mlangoni kwa jirani, mwenye kalamu asipite njia. Asimame, aulize orodha iko wapi, na kama haipo, aianze yeye.