CHAKULA CHA REDIO
Mazungumzo juu ya vyombo vya burudani katika nyumba za Eastlands, Nairobi



Kila mwisho wa mwezi watu wengi, wakiisha kupokea mishahara yao, hupita mbele ya maduka ya Luthuli Avenue na kusimama kutazama. Dirishani mna redio, televisheni, spika zenye taa za rangi, na simu za mkononi. Kila chombo kina bei yake. Mazungumzo haya yahusu bei ya pili ya chombo, ile ambayo haiandikwi dirishani.

Mtu aliyelelewa shambani ajua vizuri kwamba kumnunua ng'ombe ni jambo moja, na kumlisha ni jambo jingine. Hanunui mnyama kabla hajajua majani yatatoka wapi wakati wa kiangazi. Lakini mtu huyo huyo akifika mjini, huenda akanunua chombo cha muziki bila ya kuuliza kinakula nini. Chombo cha burudani ni mfugo. Bei ya kukinunua hulipwa mara moja, bali chakula chake hulipwa siku zote za maisha yake.

Watu wenye mapenzi ya kweli ya vyombo hivi, wale ambao siku ya Jumapili huonekana wamekaa barazani na bisibisi mkononi, hawaanzi kwa kuuliza bei. Huuliza maswali matatu: Chombo hiki kinakula nini? Je, kinafunguka? Na sauti yake itafika wapi? Yafaa maswali haya yaelezwe moja moja.

KINAKULA NINI?

Mfano mzuri ni redio iliyopata sifa kubwa katika Afrika. Huko Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 huitwa Zambia, mkuu wa idara ya habari, Bwana Harry Franklin, alitafuta redio ambayo Mwafrika mwenye mshahara mdogo angeweza kuinunua. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilianza kuitengeneza. Umbo lake la mviringo lilitokana na sufuria, ikapakwa rangi ya buluu, na kwa Kiingereza ikaitwa Saucepan Special, maana yake Redio ya Sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, sawa na shilingi 100 za Afrika Mashariki za wakati ule. Betri yake iliuzwa kwa pauni 1 na shilingi 5, yaani shilingi 25, ikadumu kadiri ya saa 300.

Sasa na ifanywe hesabu. Mtu akisikiliza saa 3 kila siku, betri ile ilikwisha baada ya siku 100. Kwa mwaka mmoja alihitaji betri tatu na nusu na zaidi kidogo, yaani karibu shilingi 91. Basi katika miaka miwili alilipa shilingi 182 za chakula kwa ajili ya redio iliyonunuliwa kwa shilingi 100. Redio hiyo ilisifiwa kuwa ni rahisi, na kwa kweli kwa wakati wake ilikuwa rahisi. Lakini urahisi huo ulikuwa wa siku ya kununua.

Sababu ya ulaji huo ni kwamba redio za zamani zilifanya kazi kwa valvu, ambazo ni chupa ndogo za kioo zenye waya ndani yake. Waya huo sharti upate moto kwanza ndipo chombo kiseme, na sehemu kubwa ya nguvu ya betri ilipotea katika kuupasha. Mwezi wa Desemba 1947, wataalamu wa maabara ya Bell huko Marekani walifanikiwa kutengeneza transista, kitu kidogo kifanyacho kazi ya valvu bila ya kupashwa moto. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ya kutiwa mfukoni iliuzwa Marekani, na mwaka 1955 kampuni ya Kijapani iliyokuja kujulikana kwa jina la Sony iliuza ya kwake. Vyombo vya namna hiyo vilipoenea Afrika ya Mashariki, redio ikaweza kulishwa kwa mawe ya tochi ya kawaida. Mchunga ng'ombe akaweza kuichukua malishoni, na mpishi akaiweka juu ya meza ya jikoni.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba fedha za betri zilitupwa bure. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilieleza kwamba mishahara ya Waafrika mjini ilikadiriwa kwa mtu mmoja asiye na jamaa, ikashauri iwe ya kumtosha mtu pamoja na mke na watoto. Vyumba vingi vya mitaa ya Mashariki vilijengwa kwa fikira hiyo hiyo ya mtu mmoja. Wakati huo ulikuwa wa Hali ya Hatari, iliyodumu tangu 1952 hadi 1960. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi, na maelfu ya wanaume wa mitaa hiyo walikamatwa na kupelekwa vizuizini. Matangazo ya serikali yalisema habari za upande mmoja tu. Lakini mwenye redio ya mawimbi mafupi aliweza kuzungusha kishikizo na kuisikia Cairo, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954. Na tangu Juni 1957 aliweza kuisikia London kwa Kiswahili pia. Hivyo shilingi 25 za betri zilimpatia mtu shahidi wa pili. Hiyo ilikuwa faida, na kila mtu aliipima mwenyewe.

Televisheni ilianza kuonekana Nairobi mwezi wa Oktoba 1962. Siku hizi imefika hata katika vyumba vya ghorofa za Kayole na Huruma, na chakula chake ni umeme. Hesabu ya umeme si ngumu. Nyuma ya kila chombo pameandikwa wati zake. Wati zizidishwe kwa saa za matumizi, kisha zigawanywe kwa 1,000: jibu ndilo uniti zilizoliwa. Televisheni ya wati 60 ikiwashwa saa 5 kwa siku, hula uniti 9 katika siku 30. Redio ya wati 5 ikiwashwa saa hizo hizo, hula robo tatu ya uniti moja tu. Kwa hiyo mlo mmoja wa televisheni hii ni milo 12 ya redio ile. Mwenye nyumba akitazama bei ya uniti katika risiti yake ya umeme, atajua mara moja ni shilingi ngapi.

Simu ya mkononi ndiyo yenye kuwadanganya watu zaidi, kwa kuwa umeme wake ni mdogo sana. Chakula chake hasa ni bando. Muziki unaoletwa kwa intaneti kwa kilobiti 64 kila sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa. Picha za sinema zinazoletwa kwa megabiti 1 kila sekunde hula megabaiti 450 kwa saa hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba bando linalotosha kutazama sinema kwa saa moja lingetosha kusikiliza muziki kwa saa 15 na zaidi. Na redio ya FM, ambayo vituo vyake vya watu binafsi vilianza Nairobi mwaka 1996, haihitaji bando hata kidogo. Kijana anayelalamika kwamba bando limekwisha kabla ya Jumatano, huku redio imefunikwa vumbi juu ya kabati, amemwacha ng'ombe wa maziwa zizini akaenda kununua maziwa dukani.

Kuna jambo moja tena. Chombo chaweza kuwa kizima kabisa na bado kikafa, kwa sababu mawimbi yamebadilishwa. Mitambo ya analogia ya televisheni ilipozimwa Nairobi mwanzoni mwa mwaka 2015, televisheni za zamani zilinyamaza mpaka zikapatiwa king'amuzi. Wenye televisheni hawakuwa na kosa lolote, lakini gharama iliwaangukia wao. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huuliza pia kama chombo anachokitaka kinategemea mtu mwingine aliye mbali, ambaye aweza kubadili mambo wakati wowote.

JE, KINAFUNGUKA?

Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikula betri wala umeme. Nguvu yake ilitoka katika springi. Ilidai sindano mpya za chuma tu, kwa maana sindano iliyochakaa huikwaruza santuri na kuiharibu. Redio ya valvu nayo, ingawa ilikuwa mlafi, ilikuwa na wema mmoja: valvu iliyokufa ilichomolewa kwa vidole na nyingine ikatiwa. Redio za kaseti, zilizotokana na kaseti ya Philips ya mwaka 1963, ziliwafunza vijana wengi ufundi, kwa maana mkanda wa mpira uliolegea ulibadilishwa na chombo kikaimba tena.

Vyombo vingi vya siku hizi havina skrubu zinazoonekana. Vimegandishwa kwa gundi, na betri imefungiwa ndani. Kabla ya kununua, inafaa kumwendea fundi wa mtaani na kumwuliza: Chombo cha namna hii kikiharibika, wewe waweza kukifungua? Vipuri vyake vinapatikana? Jibu la fundi lina thamani kuliko maneno yote ya mwenye duka, kwa sababu fundi huviona vyombo vikiwa wagonjwa, na mwenye duka huviona vikiwa wazima tu.

Swali hili si la fedha peke yake. Chombo kisichotengenezeka hutupwa, na takataka za Nairobi tangu miaka ya 1970 zimepelekwa Dandora, katikati ya makazi ya watu. Kioo cha televisheni za zamani zenye kisogo kikubwa kina madini ya risasi, na lehemu ya vyombo vingi vya zamani inayo pia. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake una sumu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kinachokubaliwa. Sumu hiyo hutoka katika takataka za namna nyingi, si vyombo vya umeme peke yake. Lakini madini ya risasi huharibu akili za watoto, na kila chombo kinachotengenezwa badala ya kutupwa ni mzigo mmoja uliopunguzwa. Watoto wa Dandora ni majirani wa Kariobangi na Umoja. Hawako nchi ya mbali.

SAUTI YAKE ITAFIKA WAPI?

Ukuta wa nyumba nyingi za Eastlands ni mmoja kwa jamaa mbili. Nyuma ya ukuta huo huenda yupo mlinzi aliyekesha kazini na anataka kulala mchana, au mtoto anayesoma kwa mtihani, au mama aliyejifungua. Sauti nzito ya spika kubwa hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, na kwa hiyo mwenye chombo huona kwamba amepunguza, hali jirani angali anatikiswa kitandani. Kanuni za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zimekataza kelele za kuudhi watu, lakini ujirani mwema hausubiri askari. Dawa yake si ngumu: spika isiegemezwe ukutani wala kuwekwa sakafuni bila kitu chini yake, iwekwe juu ya kitambaa kinene, na mwenye nyumba atoke nje, asimame mlangoni kwa jirani, asikilize kwa masikio yake mwenyewe. Spika ndogo iliyowekwa vizuri katika chumba cha futi 10 humfurahisha msikilizaji kuliko spika kubwa iliyonunuliwa kwa ajili ya kutambia wengine.

SHAURI

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haba na haba pia hukimaliza. Fedha za burudani hazitoki nyumbani kwa mkupuo. Hutoka kwa jozi ya mawe leo, bando la kesho, umeme wa keshokutwa, mpaka karo ya shule ikifika mtungi umekauka.

Basi, kabla ya kununua chombo kipya, mume na mke wakae pamoja na karatasi moja. Waandike bei ya chombo, kisha chini yake chakula chake cha miezi 24, kwa hesabu zilizoelezwa hapa, na wajumlishe. Wakiona kwamba jumla hiyo yachukulika bila kugusa chakula cha watoto na karo yao, wanunue kwa moyo mkunjufu, kwa maana nyumba isiyo na muziki wala habari nayo ni nyumba yenye upungufu. Wakiona haichukuliki, redio ndogo inaweza kuwaburudisha wakati wanapoweka akiba. Chombo kikiisha kununuliwa, tarehe na bei yake ziandikwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa nyuma yake, na kila fedha inayotumika kukilisha au kukitengeneza iandikwe hapo hapo. Baada ya mwaka mmoja, karatasi hiyo itawaonyesha ni chombo gani kinachowatumikia, na ni kipi wanachokitumikia wao.