Msumeno Butu Ndio Unaokata Vidole

Mazungumzo kwa mafundi wa mbao na wanagenzi wao

Mazungumzo ya leo yanahusu msumeno wa umeme wa duara, chombo kinachompa fundi riziki na kinachoweza kumpokonya riziki hiyo kwa sekunde moja.

Wapo mafundi wanaoogopa diski mpya kwa kuwa ni kali. Hatari kubwa iko kwenye diski butu. Diski kali hupita ndani ya mbao kwa wepesi. Diski butu husugua badala ya kukata, fundi akalazimika kuisukuma kwa nguvu, mbao ikapata moto, na mwishowe meno yakabanwa. Hapo mashine huruka nyuma kumwelekea aliyeishika.

Dalili za diski iliyochoka zinajulikana: moshi, alama nyeusi kwenye mbao, na kazi kuhitaji nguvu kuliko kawaida. Wakati mwingine diski si butu, bali imeganda utomvu, hasa baada ya kupasua saipresi au paini. Fundi achomoe plagi kwanza, atoe diski, ailoweke katika maji ya moto yenye sabuni, aisugue kwa brashi, kisha aikaushe vizuri isishike kutu. Diski iliyopasuka au kupinda isirudishwe kazini.

Wakati wa kufunga diski, mshale uliochorwa juu yake ufuate mzunguko wa mashine. Kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya kasi ya mashine. Ndiyo maana ni hatari kufunga diski ya mbao kwenye grainda: grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, nayo haina kifuniko cha kukinga meno hayo.

Kabla ya kukata, mbao kuukuu zikaguliwe misumari, hasa zilizotoka kwenye ujenzi. Meno yachomoze chini ya mbao kwa kiasi cha jino moja tu. Mbao ishikiliwe imara, na kipande kinachokatwa kiachwe kianguke chenyewe bila kubana diski. Fundi asimame kando ya mstari wa diski. Avae miwani, barakoa na kinga ya masikio, lakini asivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia, kwani meno huvuta kitambaa pamoja na mkono.

Kifuniko cha kinga kisifungwe kwa waya eti kinachelewesha kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akinge sehemu hatari za mashine, na mfanyakazi naye hana ruhusa ya kuharibu kinga hizo. Hata baada ya kuzima, diski huendelea kuzunguka. Mashine isiwekwe chini mpaka isimame.

Ajali ikitokea, jeraha libanwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Majeruhi apelekwe hospitali mara moja pamoja na kidole hicho.

Diski mpya hununuliwa dukani. Kidole hakina duka.