Waridi la Vishada Mlangoni Pako



Leo sisemi habari za mahindi wala kahawa. Nataka tuzungumze juu ya waridi. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Ua haliliwi." Ni kweli, haliliwi. Lakini mche wa waridi hununuliwa kwa fedha, na mche ukifa fedha imepotea. Tena nyumba yenye waridi zuri mlangoni hupata maua ya arusi na ya kumpelekea mgonjwa bila ya kwenda sokoni.

Waridi ninalolisema ni floribunda, yaani lile ambalo kikonyo kimoja hubeba kishada cha maua mengi. Wengi wenu mnalijua lile jeupe liitwalo Iceberg, lililotolewa Ujerumani na Kordes mwaka 1958. Hustawi vizuri katika nchi za juu, kama Limuru, Nyeri, Lushoto na Arusha.

Kwanza, mahali. Chagua mahali papatapo jua saa 6 au zaidi kila siku, hasa jua la asubuhi, ili umande ukauke upesi. Usipande chini ya mti mkubwa, wala mahali panapotuama maji.

Pili, shimo. Chimba shimo la futi 1 na nusu kwenda chini, na upana kama huo. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda mvua za masika zikianza, na kati ya mche na mche acha futi 2 mpaka 2 na nusu.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza mali yao. Mtu hununua waridi jeupe, na baada ya miaka miwili huona vijiua vidogo vya namna nyingine. Husema, "Waridi langu limegeuka." Halikugeuka. Mche wa dukani mara nyingi umebebeshwa juu ya mizizi ya waridi la mwitu. Mwitu huo ukitoa machipukizi chini ya kiungio, nayo yakaachwa, hunyang'anya chakula chote, na waridi ulilolinunua hufa polepole. Basi, wakati wa kupanda usikifukie kiungio. Kiwe sawa na uso wa ardhi au juu kidogo. Ukiona chipukizi latoka chini yake, fukua udongo mpaka litokeapo, ulishike, uling'oe kwa kuvuta. Usilikate, kwa maana likikatwa huchipua tena kwa wingi.

Tatu, maji. Afadhali kunywesha sana mara moja au mbili kwa juma kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Mwaga maji chini penye shina, si juu ya majani. Majani yakikaa na maji kwa saa nyingi hupata ugonjwa wa madoa meusi, yakageuka manjano na kuanguka. Yaokote yaliyoanguka uyachome moto. Kisha tandaza nyasi kavu, unene wa inchi 2 au 3, lakini zisiguse shina.

Nne, kukata. Kishada kikisha kunyauka, kikate chote mpaka kwenye jani zuri la kwanza, na maua mapya yatakuja. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, pogoa mti wote. Ondoa matawi makavu, yenye ugonjwa, na yanayosuguana. Yaliyobaki yapunguze yawe ya futi 1 mpaka 1 na nusu. Kata kwa mkasi mkali, mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya mti paingie hewa.

Tano, wadudu. Vidukari hukusanyika penye ncha changa. Waoshe kwa maji, au kwa maji yenye sabuni kidogo. Wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, usiwaue. Wao hula vidukari. Nawaonya pia: msichukue masazo ya dawa ya kahawa wala ya josho la ng'ombe kunyunyizia waridi. Mti huo uko karibu na jiko na mtungi wa maji, na watoto huchuma maua yake na kuyatia kinywani. Ua lisiuguze mtoto.

Anzeni na miche miwili tu. Asubuhi mkipita kwenda shamba, inameni mtazame chini ya kiungio. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano, na ndiyo itakayolinda fedha yenu.