Simu za Waya, Lango la Intaneti na Suala la Umeme

Matini ya mazungumzo kwa wakuu wa ofisi, hospitali na skuli



Simu ya mezani ya zamani, kama ile inayowekwa kwenye mapokezi ya hospitali, haichomekwi katika soketi ya umeme. Nishati yake huja kwa waya ule ule wa shaba unaochukua sauti, kiasi cha volti 48, kutoka kwenye mtambo mkuu wa simu ambao una betri zake wenyewe. Ndiyo maana mji unaweza kuwa gizani na simu hiyo ikalia. Jambo hili, ambalo watumiaji wengi hawakupata kulifikiria kwa sababu halikuwahi kuwasumbua, ndilo linalopaswa kutangulizwa kabla ya ofisi yoyote kukubali laini zake zihamishiwe kwenye intaneti.

Uhamishaji huo hufanywa kwa kifaa kiitwacho lango. Lango huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 8, hivyo hupatikana biti 64,000 kwa sekunde. Kwa kawaida mkondo huo hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande hufungwa kama barua yenye anwani na kupelekwa kwa njia ya intaneti. Mwisho wa safari lango jingine hukifungua na kukirudisha kuwa sauti. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu unashauri kuchelewa kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kukizidi sana, wazungumzaji huanza kukatana maneno.

Faida zake hazina ubishi. Simu kongwe hazitupwi, na ofisi yenye matawi Unguja na Pemba inaweza kuzungumza na matawi yake kupitia mtandao wake yenyewe bila kulipia kila simu. Mafundi wazingatie tu kwamba lango lina matundu ya aina mbili yanayofanana kwa macho: moja hutoa umeme kwenda kwenye simu, na jingine hupokea laini kutoka kwenye mtambo mkuu. Kuyabadilisha kunaweza kuunguza kifaa.

Lakini lango hula umeme wa jengo. Umeme ukikatika, lango huzimika, na simu zote zilizounganishwa nalo hunyamaza pamoja nalo. Kwa Unguja hili si la kudhania. Mwezi Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme wa bara kwa muda wa karibu wiki nne, na kuanzia Disemba 2009 kikaukosa tena kwa karibu miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari uliwekwa mwaka 2013, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo betri ndogo inayouzwa pamoja na lango hudumu kwa saa tu, si kwa wiki.

Waingereza wamelipitia somo hili. Mwaka 2018 msimamizi wa mawasiliano wa nchi hiyo alielekeza kwamba wateja wanaotegemea simu ya mezani wapatiwe njia ya kuita msaada kwa muda usiopungua saa moja umeme unapokatika. Mwezi Machi 2022, baada ya dhoruba kuacha nyumba nyingi bila umeme, kampuni ya BT ilisimamisha kwa muda uhamishaji wa wateja wake. Kuzimwa kwa mtandao wa zamani, kulikopangwa kwa mwisho wa mwaka 2025, kuliahirishwa hadi Januari 2027.

Liko na jambo la pili, linalowahusu watu wa visiwani zaidi kuliko wengine. Tarehe 20 Oktoba 2022 mkonga wa chini ya bahari kati ya visiwa vya Shetland na Scotland ulikatika, siku chache baada ya mkonga mwingine wa visiwa hivyo kupata hitilafu. Simu za mezani, simu za mkononi na intaneti zilikatika kwa wakati mmoja, na polisi wakazunguka mitaani ili mwenye dharura aweze kuwasimamisha kwa mkono. Basi aulizwe kila muuzaji: mtambo unaoamua simu iende wapi umewekwa wapi? Ukiwa ng'ambo ya bahari, mkonga ukikatika hata wodi haitaweza kuipigia famasi iliyo ghorofa ya chini.

Mashine za faksi na ving'ora vya moto vilivyofungwa kwenye laini vijaribiwe kimoja kimoja, kwani sauti iliyobanwa ili kuokoa nafasi huharibu ishara za mashine ingawa sikio la mtu haling'amui tofauti.

Kabla ya hati ya kupokea kazi kutiwa saini, mkuu wa ofisi aagize swichi kuu ya umeme ya jengo izimwe, na fundi asimame mbele ya simu na kupiga. Muda ambao simu inaendelea kufanya kazi uandikwe katika hati hiyo. Hospitali, vituo vya zimamoto na bandari zibakishe angalau njia moja ya kuita msaada isiyopita kwenye lango, na mahali ilipo pabandikwe ukutani pamoja na nambari 112.